Mnyoo anayegeuza faili za flashi kuwa njia za mkato: anza na kompyuta, si flashi

Ndugu aliyeuliza ana ofisi ndogo ya uhasibu hapa Nairobi yenye kompyuta nne. Anasema alipeleka flashi saiba kuchapisha barua, akarudi ofisini, na tangu siku hiyo kila flashi inayochomekwa kwenye kompyuta yoyote kati ya hizo huonyesha njia za mkato tu, zile ambazo wengi wetu tunaziita shotikati. Amezifuta mara tatu na zimerudi mara tatu. Sasa fundi mmoja amemshauri afomati kila kitu, yaani afute kila kilichomo, kwa shilingi 1,000 kila kompyuta.

Ndugu yangu, usifomati kwanza. Chomeka flashi hiyo, bofya kulia juu ya alama yake, uchague Properties na utazame ni nafasi kiasi gani imetumika. Kama flashi ya GB 16 inaonyesha kwamba GB 9 zimejaa, ilhali unachokiona ni njia za mkato ishirini zenye KB 1 au 2 kila moja, basi hati zako zimo humo humo, zimefichwa tu. Mteja wangu mmoja alikwisha kulipia kufomatiwa kwa diski yenye hesabu za miaka sita kabla ya mtu yeyote kufanya ukaguzi huo wa nusu dakika.

Jina la tatizo hili lina maana katika kulitatua. Kirusi hujibandika kwenye programu nyingine na kusafiri nayo, lakini mnyoo ni programu kamili inayojinakili yenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Wapo watakaosema kwamba mnyoo anayesubiri kubofywa si mnyoo halisi. Ubishi huo siuingii, kwa kuwa anayeshughulikia kompyuta zako anajinakili vizuri sana. Kwa kawaida wa aina hii huwa ni hati ndogo ya VBS, yaani faili ya maandishi yenye amri za kompyuta, inayoendeshwa na wscript.exe, ambayo ni sehemu halali ya Windows, na ndiyo sababu watu huipita bila kuishuku. Ikishaanza kazi, hukaa ikisubiri flashi. Flashi inapoingia, hujinakili ndani yake, huzipa faili na folda zako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha huweka mahali pa kila moja njia ya mkato yenye jina lile lile.

Ukitaka kuuona ujanja wenyewe, bofya kulia juu ya mojawapo ya njia hizo za mkato, bila kuifungua, uchague Properties na usome mstari wa Target. Badala ya kukuta jina la folda yako utakuta cmd.exe, programu ya Windows ya kupokea amri, kisha amri ya kuiwasha hati ya mnyoo, na mwishoni kabisa amri ya kuifungua folda uliyoikusudia. Huo mwisho ndio uerevu wote. Mtu anabofya, folda yake inafunguka, anaona kazi zake ziko salama, anaendelea na shughuli, na papo hapo kompyuta imekwisha kuambukizwa.

Zamani minyoo hawa hawakuhitaji hata kubofywa kwa namna hii. Walitumia faili ya autorun.inf, iliyoifanya Windows iendeshe programu mara flashi ilipoingizwa, na Conficker, aliyezuka Novemba 2008, alikuwa miongoni mwa walioitumia njia hiyo pamoja na mtandao. Windows 7 ilikuja na mlango huo ukiwa umefungwa kwa upande wa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikazisambazia XP na Vista kiraka, yaani sasisho la kuziba pengo, cha kuufunga. Njia za mkato zilishamiri kwa waandishi wa minyoo kama jibu la kufungwa huko: mashine ikikataa kuwafungulia mlango, mwenye mashine ataufungua kwa mkono wake.

Sasa tuje kwenye kuondoa. Kosa lako, ambalo nami nimelifanya, ni kuanza na flashi. Unaisafisha juu ya kompyuta ambayo mnyoo yuko macho ndani yake, naye anairudishia uchafu kabla hujafunga dirisha. Toa flashi zote, chomoa nyaya za mtandao na uzime Wi-Fi katika kompyuta zote nne, kisha ushughulikie moja baada ya nyingine siku hiyo hiyo.

Katika kila kompyuta fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya Details, utafute wscript.exe na uikomeshe. Zikiwa mbili au tatu, komesha zote. Hatua hii lazima itangulie kufuta, kwa sababu aina nyingi hujiandika upya kila baada ya sekunde chache. Nakumbuka mara ya kwanza nilipokutana naye nilifuta faili ile ile mara tano, nikidhani kipanya ndicho kibovu. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike shell:startup, na ufute hati yoyote ya VBS au njia ya mkato usiyoitambua. Fungua regedit, programu ya kuhariri rejista ambamo Windows huweka mipangilio yake, uangalie HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, na njia hiyo hiyo chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE. Ukikuta mstari unaotaja wscript na faili iliyo ndani ya AppData au Temp, umempata: andika njia ya faili hiyo kwenye karatasi, futa mstari, kisha uifuate faili yenyewe huko ilikojificha uifute. Pitia pia Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, maana wapo wanaojipangia zamu huko. Asiyependa kuzunguka rejista kwa mkono anaweza kutumia Autoruns ya Microsoft, ambayo ni ya bure na huonyesha karibu kila kinachojiwasha pamoja na Windows.

Baada ya hapo endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, unaoiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka. Antivirusi peke yake haitoshi, kwa sababu mara nyingi humwondoa mnyoo lakini haigusi zile sifa za kuficha, na mwenye hati anabaki akilalamika kwamba antivirusi imezila.

Kompyuta ikishakuwa safi, ndipo uchomeke flashi. Usiifungue kwa kubofya. Angalia imepewa herufi gani, kisha kwenye dirisha la amri uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Weka herufi ya flashi yako mahali pa E. Ikimaliza, faili zitajitokeza zikiwa kando ya njia za mkato. Andika del E:\*.lnk kufuta njia za mkato zilizo juu kabisa ya flashi, ukiwa na hakika kwamba humo hukuwa na zako halali, kisha ufute hati ya mnyoo. Usishtuke ukiona folda isiyo na jina. Baadhi ya aina huhamishia kila kitu ndani ya folda ambayo jina lake ni herufi ya nafasi tupu; ifungue, utoe mali yako, kisha uifute.

Nilipofanya kazi hii katika ofisi moja yenye kompyuta saba, nilisafisha sita. Ya saba ilikuwa kipakatalishi cha kijana aliyekuwa Nakuru kikazi, na hakuna aliyenitajia. Jumatatu alirudi, akachomeka flashi ya ofisi, na kufikia saa sita mchana tulikuwa tumerudi tulikotoka. Kwa hiyo hesabu vifaa vyote, pamoja na vya nyumbani na flashi za funguoni.

Lipo jambo ambalo hukuuliza, nalo kwa ofisi ya uhasibu linaweza kuwa zito kuliko faili zenyewe. Baadhi ya minyoo hawa ni milango ya nyuma: humpa aliyewatuma uwezo wa kuiendesha kompyuta kutoka mbali na kukusanya nywila. Wewe unashika nywila za iTax, mfumo wa kodi wa KRA, za wateja wako. Zibadilishe zote, pamoja na za barua pepe na benki, ukitumia kifaa ambacho hakikuguswa. Na ukipata dalili za kweli kwamba data ya wateja imetoka na inaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ulipojua za kumwarifu Kamishna wa Data.

Nisikufanye uamini kwamba kila mnyoo huficha tu. Mwaka 2006 nilikuwa fundi kijana kwenye ghorofa ya pili Luthuli Avenue, akaja mzee mmoja mthamini wa ardhi Jumatatu asubuhi akiwa ameibeba kompyuta yake mwenyewe mikononi. Ripoti zake zote zilikuwepo kwa majina, lakini kila aliyoifungua ilikuwa na mstari mmoja: DATA Error [47 0F 94 93 F4 K5]. Alikuwa mnyoo aitwaye Nyxem, ambaye kila tarehe 3 ya mwezi, nusu saa hivi baada ya kompyuta kuwashwa, aliandika mstari huo juu ya hati za Word, Excel, PDF na hata za zip. Mara yake ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 3 Februari. Hapo attrib haina la kufanya, kwa kuwa hakuna kilichofichwa. Kilichomwokoa mzee ni CD aliyoichoma Desemba kwa ajili ya mwanawe, na mwezi mzima wa kazi baada ya hapo aliuandika upya.

WannaCry wa tarehe 12 Mei 2017 naye hakusubiri kubofywa na mtu: alipitia tundu la mtandao ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka Machi 14, akasimba faili na kudai fidia. Kwa hiyo kabla ya kurudisha nyaya zako, hakikisha kila kompyuta itapokea masasisho, na uanze kwa kuunganisha moja tu.

Kwa upande wa saiba, tuma barua zako kwa barua pepe na uzichapishe kutoka huko. Ikibidi kubeba flashi, tenga moja isiyo na kitu kingine, na ikirudi ofisini ifomati kabla ya kuitumia tena. Hiyo ndiyo unayoweza kuifomati bila kuniuliza.