Benga ya Misiani ni ya Kisumu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: muziki anaoutunga Mwafrika akiwa ugenini ni wa nchi alikotoka au wa alikohamia? Mimi nasema ni wa pale ulipotungwa, na sisi wa Kisumu tulifaa kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Huku kwetu ukitaja benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, umemtaja mwanamuziki D.O. Misiani. Naye alizaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940. Alivuka mpaka akiwa kijana, na bendi akaiita Shirati Jazz, jina la kwao hadharani. Sijasikia mtu hapa akiiita benga yake ya kigeni. Ataanzaje? Gitaa la solo linamfuata mwimbaji neno kwa neno kama nyuzi za nyatiti, ile ala ya jadi ya Wajaluo, besi inarukaruka chini, kisha sauti zinanyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja mpaka wachezaji walowe jasho. Mafumbo yake ya siasa yalimtia matatani na serikali ya Kenya, maana mambo ya Kenya ndiyo aliyoyaimba. Alifariki papa hapa Kisumu kwa ajali ya barabarani, Mei 2006.

Kwa wengine tumekuwa wachoyo. Kijana anayenijazia nyimbo kwenye flashi pale sokoni Kibuye amemweka Misiani kwenye folda ya Benga, bendi ya Les Wanyika kwenye Tanzania, na ya Super Mazembe kwenye Kongo. Nilipomuuliza sababu, akasema ndivyo wateja wanavyoulizia.

Basi tubadilishe tunavyoulizia. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliingia Kenya mwaka 1971, na jina la bendi yao, Simba Wanyika, likavumia Nairobi. Kutoka humo ikachomoka Les Wanyika mwaka 1978. Super Mazembe walikuwa wameshafika kutoka Kongo mwaka 1974. Walifuata studio, viwanda vya santuri na vilabu vya kupigia usiku kucha, wakakuta wasikilizaji wanaotaka kuimbiwa Kiswahili. Wakongo wale wakatuachia pia "Kasongo", wimbo wa Kilingala ambao hata vijana wa boda mtaani Kondele wanauimba. Na besi ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika ikianza tu, nani hapa anabaki kitini? Watu hao walihangaika na vibali vya kazi huku wakitutungia nyimbo. Kuwaita wageni hadi leo ni kuwanyima haki yao.

Najua nitaulizwa: na Ayub Ogada je? Mjaluo huyu alienda Uingereza miaka ya 1980, akapiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, na albamu yake "En Mana Kuoyo" ikatolewa na kampuni ya huko mwaka 1993. Baadaye alirudi, akafariki Nyahera mwaka 2019. Kwa hoja yangu mwenyewe, Waingereza nao wana haki ya kuidai albamu ile. Sawa, waidai, mradi jina lake lisiondolewe na warithi wake walipwe kila inapopigwa.

Msomaji wenu, Kisumu