Nionyesheni Choo Kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama picha zinaweza kumweleza mtu maisha ya makao ya wazee kabla hajafika. Nasema zinaweza, mradi zionyeshe yale ambayo wapiga picha huyaruka.

Mama yetu alipoanza kushindwa kuinuka kitandani peke yake, mimi na dada tuliketi naye tukaangalia picha za makao fulani. Zilipita thelathini: bustani, sebule, maua mezani, wazee wakicheka. Mama alizitazama zote kimya, kisha akauliza, "Choo chao kikoje, wanangu?" Tukarudi mwanzo, picha kwa picha. Choo hakikuwemo.

Aliuliza la maana kuliko sisi. Mzee akianguka bafuni anaweza kuvunjika nyonga na asitembee tena kama zamani. Picha moja ya bafu ingetujibu mengi: vyuma vya kushikilia viko upande gani, pa kuogea pana kizingiti au ni sakafu tambarare, kiti cha kuogea kipo? Na kamba ya kengele ya kuitia msaada, je, inafika chini? Nimewahi kuiona imefungwa juu ili isilowe wakati wa kudeki. Aliyelala sakafuni ataifikiaje?

Vyumba navyo hupigwa kwa lenzi pana, kijumba kikaonekana ukumbi. Wekeni kiti cha magurudumu kando ya kitanda ndipo mpige. Kiti hicho huhitaji kama mita 1.5 kugeuka, na jicho litaona lenyewe kama nafasi ipo. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau, tazameni sakafu: zulia jeusi mlangoni anaweza kuliona shimo, na vigae vinavyong'aa akadhani ni maji.

Kosa jingine ni kuchanganya. Anayejitegemea, anayesaidiwa kuoga na kuvaa, na anayehitaji muuguzi usiku na mchana hawaishi maisha ya namna moja. Picha zao zikiwekwa pamoja bila maelezo, familia hudhani mama atakaa upande wa wenye nguvu. Chini ya kila picha andikeni ni huduma gani, nani anaitoa, saa ngapi. Ukumbi wa saa nane usiku nao upigwe, tuone nani yuko macho.

Ila msimpige mzee picha akilishwa au akivishwa bila ridhaa yake. Aliyekubali jana huenda leo hakumbuki. Aulizwe tena, na jamaa zake wajue. Mikono ya mhudumu ikifunga kifungo cha shati inatosha, uso si lazima.

Tulipiga simu tukaomba picha ya bafu. Mhudumu akaipiga haraka haraka, ndoo ya kudekia ikaonekana pembeni. Mama aliikuza kwa vidole, akagusa chuma cha upande wa kulia, upande wa mkono wake wenye nguvu. "Hapa nitashika," akasema. "Twendeni tukapaone."