Maswali ya Wafugaji: Nyasi Zipumzike Siku Ngapi?

SWALI: Sisi ni kaya sita za ukoo mmoja huku Bahi, na ng'ombe wetu, ambao jumla yao ni kama 60, hulala katika mazizi jirani. Kila mwaka nyasi za karibu huisha kabla ya Septemba, na vijana huondoka na mifugo kwenda mbali. Sasa mwanangu amehudhuria mafunzo ya siku tatu, na amerudi akisema tuwachunge ng'ombe wote katika kundi moja, tuwahamishe kila baada ya siku chache, na kwamba kwato zao zitaiponya ardhi. Mimi nimekua nikiambiwa kwamba ng'ombe ndiye anayeiharibu ardhi, na kule Kondoa aliondolewa kabisa. Nimwamini nani? Na uzio wa kuyagawa malisho tutautoa wapi?
*Mzee mfugaji, Bahi*

JIBU: Shikamoo mzee. Kijana wako hakudanganywa, ila amekuletea nusu ya somo, na hiyo nusu nyingine ndiyo ngumu.

Mafunzo aliyoyapata yanatokana na mawazo ya Allan Savory, mtaalamu wa wanyamapori wa Zimbabwe aliyezaliwa mwaka 1935. Katika ujana wake aliamini kama ulivyofundishwa wewe, kwamba wanyama wakizidi nchi hugeuka jangwa, na ushauri wake ulichangia kuuawa kwa maelfu ya tembo. Baadaye alikiri hadharani kwamba hilo ndilo kosa kubwa la maisha yake, kwa kuwa ardhi haikupona. Hoja aliyofikia ni kwamba nyasi huuawa zaidi na muda kuliko na idadi ya mifugo. Shina la nyasi likikatwa na ng'ombe huchota akiba iliyomo mizizini ili litoe majani mapya, na ng'ombe akiwa bado yupo pale pale atayarudia majani hayo machanga kwa sababu ni matamu, kisha atayarudia tena, mpaka mizizi iwe mifupi na shina life. Kwa hiyo ng'ombe watano wanaozunguka mahali pamoja masika yote wanaweza kuua nyasi nyingi kuliko ng'ombe 60 waliopita siku mbili wakaondoka na wasirudi mpaka nyasi zimekomaa.

Kwa jambo hili huna haja ya kusadiki maneno ya mtu, kwa maana liko mlangoni kwako. Toka zizini asubuhi utembee kuelekea lamboni, uiname kila baada ya hatua ishirini. Karibu na zizi utakuta udongo wenye gamba gumu lililotengenezwa na matone ya mvua, na mashina machache yaliyotafunwa hadi kwenye kisiki. Ukifika mbali, ambako kundi hupita mara moja moja, utakuta majani makavu yamelala juu ya udongo, na ukiyafunua utaona unyevu na mchwa. Mvua inayonyesha sehemu zote mbili ni ile ile, ila ile ya karibu na zizi inakimbilia korongoni. Kwato za kundi lililokusanyika huvunja gamba hilo na kukanyagia chini majani na samadi, na hiyo ndiyo maana ya maneno ya kijana kwamba kwato huponya. Ila haziponyi zikikaa.

Nusu ya pili ni hesabu. Wapo wanaohubiri kwamba kwa njia hii mtu anaweza kuzidisha mifugo maradufu, na hata kwamba malisho yakipangwa vizuri yatamaliza tatizo la mabadiliko ya tabianchi. Madai hayo yamepingwa na watafiti wengi wa nyanda za malisho, na mimi nakushauri usiyajengee nyumba. Idadi bado ina uzito wake, hasa hapa kwetu Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wa mvua hizo mjini Dodoma hauvuki milimita 600 kwa mwaka.

Mwezi Mei, nyasi zikishakomaa, funga fito nne zenye urefu wa mita moja kila moja ziwe mraba, uutupe mraba huo mahali kumi tofauti bila kuchagua, na kila mahali ukate kwa mundu nyasi zote zilizomo, uzianike zikauke kabisa, kisha uzipime. Tuseme wastani umekuja gramu 100 kwa kila mraba. Hiyo ni sawa na kilo 1,000 kwa hektari. Nusu iachwe ifunike udongo, kwa hiyo mna kilo 500 za kulisha. Ng'ombe wa kilo 250 hula kila siku takriban asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo sita na robo za majani makavu, na ng'ombe wenu 60 watakula kilo 375. Basi kundi lenu linahitaji robo tatu ya hektari kila siku, na kwa siku 210 za kiangazi linahitaji hektari zipatazo 158, ambazo ni karibu ekari 390. Mabua ya mtama na uwele yatapunguza hesabu hiyo, lakini mchwa na moto vitaiongeza. Kama ekari hizo hamna, mmejua Mei na si Septemba, wakati ng'ombe bado wana nyama na bei mnadani bado ni ya kuridhisha. Kwangu mimi, faida kubwa ya mafunzo yote haya ni hiyo miezi minne ya kujua mapema.

Kuhusu siku za kupumzisha, nakuomba usikubali tarakimu moja kutoka kwa mtu yeyote, pamoja na mimi. Mvua ikiwa nzuri, kipande kilicholiwa Januari huenda kikarejea kwa siku 40. Mvua ikikatika, kitahitaji msimu mzima. Na kile kilicholiwa Julai hakioti tena mpaka mvua zijazo, hata mkikiacha miezi mitano. Tazameni shina lililoliwa zaidi, wala si lile refu lililo jirani yake.

Uzio hauhitajiki, kwa kuwa mchungaji ndiye uzio, na mipaka ni ile mnayoitaja kila siku: korongo, njia ya magari, mbuyu. Nanyi Wagogo mna milaga, sehemu zilizotengwa zisiguswe masika ili zije kuliwa kiangazi, kama Wasukuma walivyo na ngitili na Wamaasai alalili. Mwanao amekwenda semina kufundishwa jambo ambalo babu yake alilijua kwa jina lingine.

Kuhusu Kondoa, kumbukumbu yako ni sahihi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi, makorongo yakaanza kufunga. Lakini wenye mifugo walibeba gharama kubwa, na baadaye waliruhusiwa kurudisha ng'ombe wachache wa maziwa wa kulishwa bandani. Kondoa ilithibitisha kwamba ardhi yetu hupona ikipumzika. Haikuthibitisha kwamba lazima ipumzishwe yote kwa pamoja na kwa miaka mingi.

Kitakachowashinda ni jirani. Niliwahi kukaa katika kijiji kimoja ambako ukoo mmoja ulitunza kipande chake masika nzima, na usiku mmoja wa Agosti kundi la watu wengine likaingia. Asubuhi hapakuwa na kesi ya kufungua, kwa sababu mpaka ulikuwa wa mdomo tu. Pelekeni pendekezo katika halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, eneo liingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 2007, na sheria ndogo itaje tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua na faini. Vijiji kadhaa vya Wilaya ya Kiteto vimekwenda mbali zaidi, vikapanga na kumilikishwa malisho kwa pamoja.

SWALI: Mume wangu huuza ng'ombe bila kunishauri, na kwenye mikutano ya malisho wanaitwa wanaume. Mimi nina mbuzi wangu 14. Mpango wa namna hii unanihusu?
*Mama wa Mpwapwa*

JIBU: Unakuhusu kuliko unavyofikiri, mama, kwa sababu katika utaratibu huu hatua ya kwanza huwa ni familia nzima kukaa na kusema inataka kuishi vipi: nani asome, maziwa ya watoto yatoke wapi, maji yachotwe umbali gani. Ramani ya malisho hufuata baadaye, ndiyo maana mpango uliochorwa na wanaume peke yao hukwama siku ambayo maji ya lambo yanakauka na ndoo iko kichwani mwako. Mbuzi wako nao wahesabiwe: mbuzi hula zaidi majani ya vichaka, na wakitangulia kwenye kipande kilichopumzishwa watakula machipukizi ya miti kabla hayajainuka. Tena, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, kwa hiyo hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lenu inaweza kuandikwa majina mawili. Ukisubiri kualikwa mkutanoni utasubiri sana. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne Kongwa. Nikasomee wapi mambo haya?
*Kijana, Kongwa*

JIBU: Kwa cheti au stashahada ya mifugo, ulizia Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, kampasi ya Mpwapwa. Kabla ya hapo nenda kwenye kituo cha utafiti wa malisho cha TALIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, hapo hapo Kongwa, uombe kuoneshwa nyasi na majina yake, na utafute shamba lenye kisiki hai, yaani linalokuza miti upya kutoka kwenye visiki vilivyo hai, ujifunze kuchagua machipukizi na kupogolea. Beba mundu, na uende Machi nyasi zikiwa na mbegu, maana Oktoba zote hufanana.