Shangazi, huyu mshauri wa kwenye simu mbona hanishauri?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mume wangu alizama mwaka jana upande wa Ukerewe akivua usiku. Tulimpata, tukamzika. Tangu hapo silali. Ananijia ndotoni, anasimama mlangoni amelowa, anauliza wavu uko wapi. Binti yangu aliyeko Dodoma ameniunganisha na mtaalamu wa saikolojia, tunaongea kwa video ya WhatsApp. Ni kijana mpole, ila ananiita kwa jina langu la ubatizo kama vile tulisoma pamoja. Na ushauri hatoi! Nikimweleza ndoto, anauliza nilijisikiaje. Nikimweleza shemeji anavyoutaka mtumbwi na injini, anasikiliza tu. Halafu nimepanga chumba Mabatini, ukuta haufiki juu, jirani anasikia kila neno. Niendelee, au binti anatupa hela?
Mama wa Mwaloni

JIBU: Marahaba mayu, na pole sana.

Ungeniletea mimi habari ya huyo shemeji, ningekwambia la kufanya kabla chai haijapoa. Sisi mashangazi ndiyo kazi yetu. Kijana wako kafundishwa vingine. Usikilizaji wa namna hiyo umetokana na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1987. Wenzake walizoea kumpima mgonjwa na kumwambia tatizo lake ni nini. Yeye akashikilia kwamba anayejua panapouma ni mwenye maumivu. Mwaka 1957 aliandika kwamba ili mtu abadilike, msikilizaji wake lazima ajitahidi kuliona jambo kwa macho ya anayesimulia, ampokee bila kumhukumu, na asijifanye mtu ambaye siye.

Sasa chukua hiyo ndoto yako. Mchungaji angekwambia ukemee. Mganga angesema marehemu anadai kitu, lete mbuzi. Daktari mwenye foleni nje angekuandikia vidonge vya usingizi. Wote wangelipa jambo lako jina kabla hujamaliza kusimulia. Kijana kakuuliza ulijisikiaje, na pengine jibu la kweli ni kwamba ulifurahi kumwona. Hilo utamwambia nani pale msibani? Mama mkwe? Ndiyo maana mimi sioni kama hela inapotea.

Ila simtetei kwa kila kitu. Mama mwenye binti anayejitegemea haitwi jina tupu na kijana, hata kama kitabu chake kinasema wote ni sawa. Mwambie: "Mwanangu, mimi niite Mama Fulani." Akilipokea vizuri, huyo anafaa. Akianza kukueleza kwa nini haina maana, mwambie binti atafute mwingine, tena anayeujua msiba wa Kisukuma au aliye tayari kuuliza. Na kuhusu ukoo pia: njia hii ya Rogers ilianza kwa kuketi na mtu mmoja mmoja, lakini wewe ukiamua jambo la mtumbwi, kuna kikao cha wakwe kinakusubiri. Mweleze nani ana sauti nyumbani kwenu. Akikusukuma "jifikirie wewe tu", hapo hakusikilizi wewe, anasikiliza darasa lake.

Jirani sasa. Vaa hedifoni, ili angalau asisikie upande wa kijana. Zima video, sauti peke yake inatosha na bando halikimbii. Wapo wanaolia vizuri zaidi wasipotazamwa. Redio iwe inaimba karibu na ukuta. Bora zaidi omba chumba cha ofisi kanisani, au duka la rafiki baada ya kufunga. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisheni, msipigizane kelele. Na mkubaliane neno la siri: mtu akiingia ghafla, sema "dagaa wa leo wameisha", naye ajue mnabadilisha mazungumzo. Muulize pia kama anarekodi na anahifadhi wapi. Tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, una haki ya kuuliza.

Jambo moja lisisubiri miadi ya simu. Ukianza kutamani kumfuata mwenzio majini, siku hiyohiyo mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali, Bugando au yoyote iliyo jirani. Kijana aliye mbali hawezi kukushika mkono, na mshauri mzuri atakuwa ameshakuuliza ni nani wa kumpigia ikifika hapo.

Mtumbwi na injini ni habari ya mirathi, hiyo usimngoje kijana akuamulie wala usimlaumu. Chukua cheti cha kifo na cha ndoa kama unacho, nenda Mahakama ya Mwanzo uulize utaratibu. Huna hela ya wakili? Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atakuelekeza kwa wanaotoa huduma hiyo bure. Nenda kabla shemeji hajauza injini.