Stelingi Mzungu, Wengine Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Kauboi

Nimekulia kwenye kibanda cha video. Kila kauboi, stelingi mzungu. Ina maana makauboi weusi hawakuwapo? (Msomaji, Morogoro)

Walikuwapo, tena tele. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne walioswaga ng'ombe kutoka Texas alikuwa Mweusi, na wengi walikuwa wametoka utumwani juzijuzi tu. Nat Love alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1907. Bill Pickett alijulikana kwa kumrukia fahali kutoka mgongoni mwa farasi, akamkamata pembe na kumbwaga chini. Hata ufundi wa kamba na tandiko, Wamarekani waliuchukua kwa wachungaji wa Meksiko. Hollywood ndiyo iliyowafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Herb Jeffries alipanda farasi na kuimba kama stelingi yeyote, lakini filamu zake zilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema ya Weusi.

Wale Wahindi Wekundu ni wenyewe, au wamepakwa rangi? (Msomaji, Mombasa)

Kwanza, jina hilo ni kosa la Columbus, aliyedhani amefika India. Afadhali tuwaite kwa mataifa yao: Wanavaho, Wakomanchi, Washayeni.

Sasa jibu: mara nyingi mwenye maneno ya kusema ndiye aliyepakwa rangi, anayepigwa risasi akaanguka kutoka kwenye farasi ndiye mwenyewe. Katika *The Searchers* (1956), Scar, mkuu wa Wakomanchi, ni Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Mtazame machoni: ya buluu! Watu wake ni Wanavaho, kwa sababu filamu ilipigwa Monument Valley, kwenye ardhi yao. Mwaka 1964 mwongozaji yuleyule, John Ford, alitengeneza *Cheyenne Autumn*, akitaka safari hii kuwatendea haki wenyeji. Nafasi kubwa za Washayeni wakapewa Ricardo Montalban na Gilbert Roland, wazaliwa wa Meksiko, na Sal Mineo, Mmarekani mwenye asili ya Italia. Wanavaho wakawa Washayeni wa nyuma, wakiongea Kinavaho. Ni sawa na kuambiwa hawa ni Wamasai, kisha uwasikie wanasema Kihehe. Inasimuliwa kwamba walipenyeza matusi na mizaha katika maneno yao, na watazamaji wa kwao wakavunjika mbavu huku wazungu wakidhani ni hotuba nzito.

Na wanawake wasio wazungu? (Msomaji, Bujumbura)

Wachache, na wengi hufa mapema. Mtafute Katy Jurado, Mmeksiko, katika *High Noon* (1952). Ana biashara zake na haombi ruhusa ya mtu. Kila anapotokea na Grace Kelly, nyota mzungu wa filamu hiyo, mimi humtazama Jurado.

Nitajie mwigizaji mmoja Mweusi wa kumfuatilia. (Msomaji, Kisumu)

Woody Strode. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kurejea katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kufungiwa mlango. *Sergeant Rutledge* (1960) inamhusu yeye mwanzo hadi mwisho, ila jina lililotangulia ni la Jeffrey Hunter, aliyeigiza wakili wake.

Lakini anza na *The Man Who Shot Liberty Valance* (1962). Humo ni Pompey, kibarua wa John Wayne. Kuna darasa la watu wazima. Pompey anasimama, picha ya Lincoln, rais aliyepiga vita utumwa, ukutani nyuma yake, akariri Azimio la Uhuru la Marekani. Anafika pale penye usawa wa binadamu wote, anakwama. Mwalimu, James Stewart, anammalizia, kisha anamwambia asijali, wengi huisahau sehemu hiyo. Muda si muda Wayne anaingia na kumrudisha kazini.