Vua viatu mwenyewe, usingoje kuambiwa

Juzi dada mmoja kanitumia meseji na picha, "kaka, daktari wa miguu hapa Dar anapatikana wapi, mama ana sukari na kisigino kimepasuka hakiponi". Nikauangalia mguu wangu wa kushoto, wenye vidole vinne, nikasema basi leo niandike.

Mie niligundulika na sukari 2014. Miaka minne nahudhuria kliniki sikosi, napimwa, naandikiwa dawa, narudi home. Hakuna aliyewahi kuniambia vua soksi. Hata siku moja jamani! Halafu ikaja ile raba ya mtumba, kali kweli, nikaivaa kwenye harusi ya shemeji nikacheza mpaka saa tisa usiku kumbe ndani kuna kimsumari kimechomoza na mie sisikii kitu, miguu ilishakufa ganzi zamani. Nilijua kesho yake mke wangu alipouliza hii damu kwenye soksi ni ya nani.

Hapo ndo nikaanza ujinga. Wa duka la dawa akasema loweka maji ya moto na chumvi, nikaloweka, mguu wenye ganzi haujui moto, nikapata malengelenge juu ya kidonda. Nikaenda hospitali moja, siitaji, wiki tatu wananisafisha kidonda wananifunga bandeji na hakuna hata aliyepima sukari. Nilipofika kwa mtu anayejua, kidole kilishakuwa cheusi. Ya pale katikati tuyaache.

Sasa sikilizeni. Usizunguke mjini kutafuta kibao kimeandikwa daktari wa miguu, utachoka. Kama una sukari anzia kliniki ya sukari, na ukikaa tu kwenye kiti vua viatu vyote viwili, sema naomba nipimwe ganzi. Wana kijiuzi cha plastiki wanakugusisha nyayoni umefumba macho, kinapinda kikifika uzito wa gramu 10, usipokisikia ujue mguu wako hauna mlinzi. Kama ni kifundo kimeteguka au kisigino kinauma tu asubuhi, hiyo peleka kwa daktari wa mifupa. Na wa bima ulizeni mapema habari ya barua ya rufaa, mie nilirudishwa dirishani na mguu wangu unanuka.

Mnaona natia chumvi? Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas, daktari wa kisukari hapa Dar, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa kisukari hapahapa Tanzania waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala. Tunasemaga panya anauma huku anapuliza, sasa kwa mwenye ganzi hata kupuliza hahitaji.

Mie kila usiku nakagua nyayo kwa kioo, na kiatu nakikung'uta kabla sijavaa. Shemeji ananicheka eti najiremba. Acheke, mwaka wa sita huu sina hata mchubuko. Na nyie wanaume wenzangu mnaoona aibu kuvua soksi mbele ya nesi kisa kucha mbaya, kucha zinakatwa, mguu nao unakatwa, chagueni. Vueni viatu!

Yule dada nilimjibu palepale, kwenye picha pembeni ya kisigino naona pana weusi, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke leo. Tiki mbili za bluu, hajajibu mpaka sasa.