Kaka yuko Dallas, hatujaongea miaka saba, na baba ameaga

SWALI: Habari anti. Baba yetu aliaga Jumamosi usiku, saa hii mwili uko mochari. Mimi niko Kayole na ndio nilikuwa namuuguza. Kaka yangu mkubwa yuko Dallas, Marekani, na tangu wakosane na baba juu ya shamba la Machakos hajawahi kupiga simu, miaka saba sasa. Namba yake nimepewa na binamu. Kamati ya mazishi imeshafungua grupu ya WhatsApp na posta ya kutangaza kifo iko tayari, wanasema atajionea huko. Mama mdogo naye anataka nimwambie baba ni mgonjwa sana ndio apande ndege haraka. Kila nikishika simu mikono inatetemeka. Nifanye aje?

JIBU: Dadangu, pole sana. Pole ya baba na pole ya kuuguza, maana muuguzaji huwa amechoka kabla hata kilio kianze.

Hiyo posta izuiwe leo. Mimi mamangu alipofariki niliona kwa status ya jirani nikiwa kwa matatu Jogoo Road, na picha yenyewe walikuwa wameikata kutoka kwa picha za harusi yangu, bega langu bado linaonekana hapo kando yake. Nilishuka stage isiyo yangu nikasimama tu. Watu wetu tulishasameheana zamani lakini hiyo picha mpaka leo siwezi kuiangalia.

Mama mdogo nia yake ni njema, ila usimdanganye kaka yako. Atakaa kwa ndege njia nzima akipanga vile atamwomba baba msamaha, halafu ashuke apelekwe mochari moja kwa moja. Hapo akiwakasirikia nyinyi wote mtamwambia nini?

Piga mwenyewe, usiandike. Dallas wako nyuma yetu saa nane, na wakati wa baridi yao saa tisa, kwa hivyo ukipiga saa mbili asubuhi utakuwa unamwamsha usiku wa manane. Piga saa kumi na mbili jioni, kwake bado ni asubuhi. Muulize kwanza yuko wapi, na kama anaendesha gari mwambie aegeshe. Halafu sema: “Kaka, ni mimi. Baba ameaga, Jumamosi usiku.” Usizunguke, na usiseme “ametuacha” maana laini ikikwaruza hataelewa kama ni kifo ama ni nini. Kisha nyamaza. Akilia, lia naye. Akisema “sawa” akate simu, usikimbilie kuambia watu hajali, mpe siku moja umpigie tena. Asiposhika kabisa mwachie sauti, “nipigie saa yoyote, ni mambo ya baba,” na wewe ulale simu ikiwa imewashwa.

Siku hiyo shamba lisitajwe, mchango pia usitajwe! Najua kamati inaona aliye majuu kama benki, lakini simu ya kwanza ya miaka saba ikiwa ni ya pesa atajua mlimtafutia hiyo tu. Na kuna wajomba watasema huyo alijitoa mwenyewe, si wa kuhesabiwa. Kwa Sheria ya Urithi, Sura 160, mtoto hafutwi kwa sababu alikaa mbali, na hata chifu akiandika barua ya kupeleka kortini anafaa kutaja watoto wote, kwa hivyo jina la kaka yako litarudi tu.

Pengine atasema hawezi kuja. Wengine wakitoka kule bila makaratasi hawarudi tena, na si kitu mtu atakuambia kwa simu, kwa hivyo usimbane. Muulize tu kama anataka kusema neno mazishini, hata kwa simu. Na kwenye tanzia jina lake likae mahali pake kama kifungua mimba, na kabla haijachapishwa mtumie wewe mwenyewe aisome.